Moto ni wa wote, lakini tanuri ni la nani?

UKIPITA asubuhi katika karakana za kuchomelea vyuma za Majengo, Lizaboni au Mfaranyaki mjini Songea, ni nadra kukosa jiko likitengenezwa. Huku utakuta jiko dogo la mkaa la bati lililogongwa kwa nyundo, kule pipa lililokatwa na kujengewa matofali ndani, likisubiri kupelekwa kwenye jiko la shule au gereza ambako sufuria moja hulisha mamia ya watu.

Ukitoka nje ya mji hadithi ni ile ile. Wapo wachoma matofali, wapo waoka mikate, na wapo wakulima wa tumbaku ya moshi wa Songea na Namtumbo wanaohitaji moto wa kukaushia majani kwenye mabani. Kilimo hicho si cha jana. Ushirika wa Wangoni na Wamatengo ulioanzishwa mwaka 1936 ulijengwa juu ya zao hilo hilo.

Wote hao wana tatizo moja: kuni zinazidi kwenda mbali, na moshi unazidi kulalamikiwa. Kwa hiyo fundi anayejua kuufanya moto ule kidogo na kutoa moshi kidogo ana biashara mkononi.

Biashara hiyo imepanuka kwa amri ya serikali. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei 8, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, nalo limeingia sokoni na mkaa mbadala unaotokana na makaa ya mawe. Gesi, mkaa mbadala, pumba na vumbi la mbao vyote vinatafuta kichomeo kinachovifaa.

Hapo ndipo swali linapoibuka. Fundi akibuni kichomeo kizuri, ni chake? Na kampuni ikija kesho na karatasi ikidai kwamba kichomeo hicho ni mali yake, fundi atajibu nini?

Mfano wa fundi wa Lizaboni

Tuchukue mfano wa kufikirika. Fundi mmoja wa Lizaboni anapewa kazi na shule ya sekondari atengeneze jiko la mkaa mbadala. Anatengeneza la kwanza, linatoa moshi na harufu kali. Anatoboa matundu kuzunguka sehemu ya juu ya kikombe cha moto ili hewa iingie mara ya pili, juu ya makaa. Moshi unapungua. Kisha anaweka ukuta wa pili wa bati kwa nje ili hewa hiyo ipite kati ya kuta mbili na kupata joto kabla ya kuingia. Moshi unakwisha kabisa, na gunia lililokuwa likitumika kwa siku tatu sasa linafika siku tano.

Mwalimu mkuu anafurahi. Shule ya jirani inaagiza mawili. Lakini baada ya wiki tatu, karakana iliyo ng'ambo ya barabara inauza jiko lile lile kwa bei ya chini. Fundi anaambiwa na wenzake kwamba dawa ni kwenda Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, akaombe hataza, ile ambayo wengi huiita patenti.

Ushauri huo si mbaya, ila haujakamilika. Kupata hataza si sawa na kusajili jina la duka. Sheria ya Hataza ya Tanzania Bara, iliyotungwa mwaka 1987, inataka uvumbuzi upite katika milango mitatu. Lazima uwe mpya, lazima uweze kutumika katika uzalishaji, na lazima uwe na hatua ya kiuvumbuzi.

Milango miwili inaeleweka haraka. Kinachowaangusha wengi ni huo wa tatu. Maana yake ni kwamba hata kama kitu hakijawahi kutengenezwa kwa namna hiyo hiyo, hataza haitatolewa ikiwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo, akiyajua yote yaliyokwisha kujulikana, angekifikia bila kusumbuka. Kwa lugha fupi, jambo lililo dhahiri kwa fundi wa kawaida halimilikiwi na mtu mmoja.

Fundi huyo wa kawaida ni mtu wa kufikirika. Si profesa, wala si mwanafunzi aliyeanza jana. Ni mtu anayeijua kazi yake, aliyesoma michoro yote iliyochapishwa, ila hana kipaji cha kuzua jipya. Mzozo wote wa mahakamani huzunguka swali moja: yeye angefanya nini?

Aidha, fundi huyo ni wa fani husika. Kichomeo kisicho na moshi ni baraka kwa mkulima wa Tabora au Urambo anayekausha tumbaku ya mvuke, kwa kuwa pale joto hupita kwenye mabomba na moshi hautakiwi kugusa majani. Mkulima wa Namtumbo anataka moshi wenyewe ndio uyapake majani. Tanuri linaloondoa moshi wote kwake ni hasara. Kinachoonekana rahisi kwa fundi wa mabani ya mvuke huenda kisimjie kabisa kichwani fundi wa mabani ya moshi.

Plau, vitasa na udongo

Wakulima wanaweza kujivunia kwamba mojawapo ya kesi maarufu zaidi duniani kuhusu jambo hili ilihusu plau. Nchini Marekani mtu aitwaye William Graham alikuwa na hataza ya kifaa cha kuzuia meno ya plau yasivunjike yanapogonga mawe ardhini. Baadaye alipata hataza ya pili kwa kuboresha kifaa kile kile, ambapo sehemu mbili zilibadilishana nafasi, iliyokuwa juu ikakaa chini. Kampuni ya John Deere ilipobanwa, ilipeleka hoja kwamba mabadiliko hayo ni ya dhahiri.

Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubali. Fundi wa plau akikuta sehemu inasuguana na kulika, ilisema kwa maana hiyo, atajaribu kuzigeuza nafasi. Hataza ikafa. Lakini kesi hiyo iliacha utaratibu unaofuatwa hadi leo: kwanza tazama nini kilikwisha kujulikana, pili tazama tofauti kati yake na kinachodaiwa, tatu pima kiwango cha ujuzi wa fundi wa kawaida. Ikibaki shaka, tazama pia ushahidi wa sokoni: je, kulikuwa na shida iliyodumu muda mrefu bila ufumbuzi? Je, wengine walijaribu wakashindwa? Je, bidhaa imenunuliwa sana kwa sababu ya ubora wake?

Miaka mingi kabla ya plau, mwaka 1851, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya vitasa vya milango. Vitasa vya mbao na chuma vilikuwa vya siku nyingi. Waliodai hataza walitengeneza vya udongo wa kufinyanga na kaure. Mahakama ilisema kubadilisha tu malighafi, kwa namna ambayo fundi yeyote hodari angeweza, ni kazi ya fundi na si ya mvumbuzi.

Kesi hiyo ya udongo ina mwangwi wake Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya iliingiza sokoni jiko la mkaa lenye umbo la kiuno chembamba, nje bati na ndani kikombe cha udongo uliochomwa. Wazo lilichangiwa na majiko ya ndoo ya Thailand, likabadilishwa na mafundi na watafiti hadi likafaa kwa mapishi ya Nairobi. Halikuwekewa hataza. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walilinakili, wakaliuza, wengine wakaliharibu kwa udongo mbaya, wengine wakaliboresha. Jiko hilo na ndugu zake likavuka mipaka hadi Tanzania na Uganda.

Wapo wanaosema kutokuwa na mwenyewe ndiko kulikolieneza haraka. Wapo wanaojibu kwamba kutokuwa na mwenyewe ndiko kulikojaza soko majiko yanayopasuka baada ya miezi michache, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kulinda jina. Pande zote mbili zina hoja. Lililo wazi ni kwamba leo hakuna anayeweza kusimama Songea akadai kuwa kuweka kikombe cha udongo ndani ya bati ni wazo lake. Limekwisha kuwa la wote.

Kwa nini vichomeo huzua ugomvi

Ili kuelewa kwa nini matanuri na vichomeo huleta ubishi mwingi, lazima kujua moto unavyofanya kazi. Kuni au mkaa mbadala ukipata joto hutoa gesi. Gesi hizo zikikutana na hewa ya kutosha zikiwa bado na joto, huwaka na kuwa mwali. Zikipoa kabla ya kuwaka, hutoka kama moshi, pamoja na kaboni monoksaidi, ile gesi isiyoonekana inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani.

Kwa hiyo kila mtengeneza kichomeo duniani anacheza na vitu vitatu: joto, muda na mchanganyiko. Moto uwe na joto la kutosha, gesi zikae motoni kwa muda wa kutosha, na hewa ichanganyike nazo vizuri.

Katika viwanda vikubwa kuna kikwazo kingine. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, kwa miaka mingi yamekuwa yakisombwa kwa malori kwenda katika viwanda vya saruji. Mwali wa tanuri la saruji hufika karibu nyuzi joto 2,000. Katika joto la namna hiyo, naitrojeni iliyomo kwenye hewa ya kawaida huungana na oksijeni na kutoa oksidi za naitrojeni, zinazoudhi mapafu na kuleta mvua ya tindikali. Hapa ugumu ni kwamba dawa ya moshi ni joto na hewa nyingi, wakati dawa ya oksidi hizo ni kupunguza joto la kilele na hewa inayokutana na mwali mara moja.

Wahandisi walitatua mgongano huo kwa kuigawa hewa. Sehemu huingia mwanzo wa mwali, sehemu huingia mbele zaidi. Wengine hugawa mafuta badala ya hewa. Wengine hurudisha sehemu ya hewa chafu kutoka kwenye dohani ili ipoze mwali. Njia hizo tatu zinajulikana kwa miongo mingi, na zimejaa katika vitabu vya chuo.

Matokeo yake ni kwamba maombi mapya ya hataza za vichomeo mara nyingi hayadai wazo kubwa. Hudai pembe ya tundu, umbali kati ya mabomba mawili, au namna ya kuunganisha njia mbili za zamani katika kichwa kimoja. Anayepinga huja na nyaraka mbili za zamani, moja ina nusu ya kwanza na nyingine ina nusu ya pili, na kusema fundi yeyote angeziunganisha. Anayetetea hujibu kwamba hakuna aliyeziunganisha kwa miaka 30, na kwamba matokeo yake hayakutarajiwa.

Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya KSR iliyohusu pedali za magari, iliupa nguvu upande wa wapingaji. Ilisema kuunganisha vitu vinavyojulikana ili vifanye kazi ile ile vinayojulikana kufanya, na kutoa matokeo yaliyotarajiwa, kwa kawaida ni jambo la dhahiri.

Tukirudi Lizaboni, mfano wetu wa fundi unaanza kupata shida. Hewa ya pili juu ya makaa inajulikana. Kuta mbili za kupasha hewa joto zinajulikana. Akipeleka ombi linalosema tu "jiko lenye hewa ya pili iliyopashwa joto", mchunguzi hatatumia hata saa moja kulikataa.

Hewa ya moto ya Glasgow na ya Kagera

Hata hivyo, si kila kilicho rahisi kukieleza ni cha dhahiri. Historia ya hewa ya moto yenyewe inalithibitisha hilo, na inaigusa Tanzania kwa namna ambayo wengi hawaijui.

Mwaka 1828 James Beaumont Neilson, meneja wa kiwanda cha gesi cha Glasgow, alipata hataza ya kupasha hewa joto kabla ya kuipuliza katika tanuri la kuyeyushia chuma. Leo linaonekana jambo jepesi. Lakini siku hizo wenye matanuri waliamini kinyume chake. Waliona kwamba matanuri huzalisha vizuri zaidi wakati wa baridi, wakahitimisha kwamba hewa ikiwa baridi ndiyo bora. Neilson alipoipasha hewa joto, makaa yaliyohitajika kwa kila tani ya chuma yalipungua sana.

Mara faida ilipoonekana, wenye matanuri waliitumia na baadhi yao wakagoma kulipa. Walisema Neilson alidai kanuni ya maumbile tu na si mtambo. Kesi zilivuma England na Scotland. Mwaka 1841 mahakama ya England ilimpa ushindi, na mwaka 1843 familia ya Baird, matajiri wa chuma wa Scotland, nao walishindwa na kuamriwa kulipa fidia kubwa.

Kwa kipimo cha leo, Neilson angekuwa na silaha kali: fani nzima iliamini kinyume cha alichofanya. Jambo ambalo mafundi wote wanalikimbia haliwezi kuwa dhahiri kwao.

Lakini je, lilikuwa jipya duniani? Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science taarifa kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Wahaya, magharibi mwa Ziwa Victoria. Wazee waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo walijenga tanuri na kuliwasha mbele ya watafiti. Mabomba ya udongo ya kupitishia hewa yaliingia ndani kabisa ya tanuri, na watafiti hao walieleza kwamba hewa ya mivukuto ilipata joto ndani ya mabomba hayo kabla ya kufika kwenye moto. Mabaki ya kale yaliyofukuliwa katika eneo hilo, walisema, yalionyesha kuwa ufundi huo ulikuwapo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Wataalamu wengine wa madini walibisha. Walisema hewa inayopita haraka kwenye bomba nene la udongo haiwezi kupata joto kubwa kiasi hicho, na mjadala ukaendelea katika majarida kwa miaka. Mjadala wenyewe ndio fundisho. Wazee walikuwa na ufundi, lakini hawakuwa na daftari. Ushahidi wao ulikuja kuandikwa na wengine, karne nyingi baadaye, na hata hapo ukabishiwa kwa sababu hapakuwa na vipimo vya wakati ule.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Waliisema kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini inawafaa pia wavumbuzi.

Udhahiri ni ngao pia

Mafundi wengi huusikia mlango wa hatua ya kiuvumbuzi kama kikwazo. Mara nyingi ni ngao yao. Kampuni ikipata hataza pana mno kuhusu jambo ambalo karakana za Songea zilikwisha kulifanya hadharani, hataza hiyo inaweza kupingwa na kufutwa, mradi kuwe na ushahidi.

Mfano mzuri unatoka Uingereza. Kampuni moja ilikuwa na hataza ya ubao wa kuteleza majini wenye tanga. Katika kesi iliyoamuliwa miaka ya 1980, wapinzani walionyesha kwamba mwaka 1958 mvulana wa miaka 12 alikuwa amejitengenezea ubao wa namna hiyo na kuuchezea hadharani wakati wa likizo katika kisiwa cha Hayling. Ubao wake ulikuwa na tofauti ndogo tu. Mahakama iliibatilisha hataza ya kampuni. Mchezo wa mtoto mbele ya watu ulitosha.

Kama mtoto anaweza, karakana inaweza. Lakini kesi ile ilishinda kwa sababu ushahidi wa ubao ule ulipatikana. Fundi anayetengeneza jiko na kuliuza bila picha, bila tarehe, bila risiti, anajinyima ushahidi ambao siku moja ungemwokoa yeye au jirani yake.

Ipo habari nyingine njema isiyojulikana na wengi. Hataza ina nguvu tu katika nchi ilikotolewa. Kichomeo kilichopewa hataza Ujerumani au Japani, na hakijasajiliwa Tanzania, fundi wa Songea anaweza kukitengeneza na kukiuza hapa bila kumwomba mtu, ila asikipeleke katika nchi ambako kinalindwa. Vilevile hataza ina mwisho. Kwa zinazotolewa kupitia Shirika la Haki Miliki la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao Harare, kikomo ni miaka 20 tangu ombi lilipopelekwa. Baada ya hapo mchoro ni wa umma.

Michoro hiyo iko wazi. Mtandao wa Patentscope wa Shirika la Haki Miliki Duniani na ule wa Espacenet wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya husomwa bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Humo mna vichomeo vya kila aina, vikiwa vimeelezwa kwa vipimo, kwa kuwa sheria humlazimisha anayeomba hataza aeleze uvumbuzi wake kiasi kwamba fundi mwingine aweze kuutengeneza. Ni shule ya bure, ingawa sehemu kubwa iko kwa lugha za kigeni.

Afanye nini fundi?

Kwanza, anyamaze kwa muda. Kosa linaloua maombi mengi ni kuonyesha kitu kabla ya kuomba. Jiko likishaonyeshwa Nanenane jijini Mbeya au Sabasaba jijini Dar es Salaam, linaweza kuhesabiwa kuwa limekwisha kujulikana, hata kama aliyelionyesha ni mvumbuzi mwenyewe. Apeleke ombi kwanza, maonyesho baadaye.

Pili, apime. Fundi wa mfano wetu asiseme jiko lake ni zuri. Aandike kilo ngapi za mkaa mbadala zilichemsha lita ngapi za maji, kwa dakika ngapi, kwa jiko la zamani na kwa jipya, na arudie mara kadhaa. Aandike pia majaribio yaliyoshindwa. Akigundua kwamba kuyapunguza matundu badala ya kuyaongeza ndiko kulikoondoa moshi, kinyume cha wanavyoamini mafundi wenzake, hapo ana jambo lisilo la dhahiri. Hilo ndilo la kulidai, wala si jiko zima.

Tatu, achague mlango unaomfaa. Mbali na hataza, sheria ya Tanzania ina cheti cha maboresho madogo ya vifaa, ambacho hakidai hatua ya kiuvumbuzi. Kinataka kitu kiwe kipya na kiweze kutumika katika uzalishaji. Ulinzi wake ni wa muda mfupi kuliko wa hataza, lakini kwa jiko ambalo baada ya miaka michache litakuwa limeboreshwa tena, muda huo unaweza kutosha. Sura ya nje ya bidhaa na alama ya biashara navyo vina usajili wake. Mteja aliyezoea jina la jiko linalodumu atalitafuta kwa jina, hata kama umbo lake limenakiliwa.

Nne, ajue mipaka. Usajili wa BRELA ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na ofisi yake. Mwenye soko Malawi, Msumbiji au Zambia, nchi zilizo karibu na Songea kuliko ilivyo Dar es Salaam kwa baadhi ya bidhaa, anaweza kuzitaja nchi anazozitaka katika ombi moja kupitia ARIPO, ambako wachunguzi hulipima suala la udhahiri kwa kina.

Tano, asiende peke yake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mkoani Ruvuma. VETA ina chuo Songea. Peramiho, ambako Wabenediktini waliweka makao mwaka 1898, kuna karakana zilizolea mafundi wa vizazi kadhaa. Kikundi cha mafundi kinaweza kugawana gharama ya ombi moja ambayo mtu mmoja asingeimudu, na kikakubaliana mapema kwa maandishi nani alivumbua nini.

Gharama hiyo ndiyo inayopaswa kupimwa mwisho. Hataza haimkamati mwizi, humpa mwenyewe haki ya kumshitaki. Kesi ina mawakili, nauli na miaka. Fundi anayeuza majiko 20 kwa mwaka huenda akafaidika zaidi kwa kumtangulia mwigaji kwa ubora na huduma kuliko kumfuata mahakamani. Anayetarajia kuuza kwa shule na magereza ya mikoa mitano ana hesabu nyingine.

Kwa vyovyote vile, soko la moto msafi limefunguliwa na halitawasubiri waliolala. Kampuni zenye mawakili zinakuja na madai yaliyoandikwa vizuri. Karakana za Songea zina ujuzi ambao mara nyingi ni wa zamani kuliko madai hayo. Kinachokosekana ni daftari lenye tarehe, mchoro, vipimo na sahihi ya shahidi, na dukani Majengo daftari halifikii bei ya fimbo chache za kuchomelea.